Naomba ushauri: kuingia Bunge la Nauru

Wakuu, habari zenu. Naishi Brisbane, na mwezi ujao kazi inanipeleka Nauru kwa wiki moja. Kisiwa chenyewe ni kilomita za mraba 21 tu, na Bunge lao liko Yaren, ukivuka barabara tu kutoka uwanja wa ndege. Wabunge ni 19, yaani hata Coaster moja hawaijazi! Nimeshupalia kukaa humo nisikilize kikao. Kwa aliyewahi kufika: mgeni anaingia tu, au anaandika barua kwanza? Na mavazi je, shati langu la kitenge linatosha au mpaka suti, kwenye joto lile la karibu na ikweta? Simu wanakuachia, au inabaki mlangoni?