Nataka kuzunguka dunia nikijitolea, nianzie wapi?

nyar_kondele: Jameni niko Kisumu, kazi ya benki imenichosha kabisa, nina akiba kidogo na nataka mwaka mzima nizunguke nikijitolea mashambani ama kwa mashule huko nje, nijijue pia maana saa hii hata sijui napenda nini. Mama anasema nimerogwa 😂

msee_wa_busia: Anza karibu. Uganda na Rwanda unaingia na kitambulisho tu, panda basi hapo Kisumu usiku asubuhi uko Kampala. Halafu angalia WWOOF, mtandao wa kujitolea mashambani, ilianza Uingereza 1971, unasaidia kwa shamba la ogani (lile halitumii kemikali) wanakupa chakula na pa kulala, mshahara hakuna. Na ile kadi ya njano ya chanjo usiiache nyumbani.

kijana_nakuru: Ulaya chunga sana. Nchi nyingi kulima ili upewe chakula wanahesabu ni kazi, kwa hivyo ukiwa na visa ya utalii umwambie afisa wa uhamiaji eti umekuja kusaidia shamba, unarudishwa.

nyar_kondele: Na haya mashirika yanayoitisha pesa ndio ujitolee?

mama_zawadi: Wengine ni biashara tu dada. Si tunawaona hapa, wageni wanalipa waje wacheze na watoto wa makao wiki mbili, selfi kibao, wakienda mtoto anabaki akiuliza auntie atarudi lini. Usiende kuwafanyia wa wenyewe hivyo. Ukitaka posho jaribu UNV, ile ya wanaojitolea wa Umoja wa Mataifa, lakini hao wanataka ujuzi. Hiyo benki iweke kwa CV.