MREJESHO: Michoro ya kitabu changu cha watoto, mchapishaji wa Kenya

Nawashukuru sana wote mlionijibu. Kwa aliyekosa: nina kitabu cha hadithi kilichotoka Dar es Salaam, mchapishaji wa Nairobi akataka kukitoa Kenya, nami nikauliza kama naweza kumruhusu atumie na michoro 14 iliyomo, maana mchoraji nilishamlipa.

Jibu ni hapana. Hela niliyotoa ilinunua ruhusa ya kuchapa toleo la kwanza Tanzania, basi. Mkataba wangu na mchoraji haukuniruhusu kumpa mtu mwingine ruhusa hiyo. Maandishi ni yangu, michoro ni yake, hata kama vyote vimo ndani ya jalada moja.

Nikamfuata mchoraji Bagamoyo. Nilikwenda na hofu, lakini alinipokea vizuri, tukakaa na rasimu ya makubaliano mapya kutwa nzima. Sasa naweza kumruhusu mchapishaji, ila michoro itumike ndani ya kitabu tu, Kenya tu, kwa miaka 5, jina la mchoraji lichapwe, na apate fungu lake katika kila malipo. Kalenda, fulana na mabango havimo. Hilo la fulana alilishikilia, na naona ana haki kabisa.

Kilichonishtua ni picha ya jalada. Aliichora akifuata picha iliyopigwa na mpigapicha mwingine! Hapo ruhusa ya mchoraji peke yake isingetosha, maana picha ya asili ni ya mpigapicha, kwa hiyo anachora jalada jipya. Mchapishaji amekubali kusubiri, mkataba tumesaini Ijumaa.