Nasra kauliza

UKOO WA BIBI SOMOE, Jumamosi jioni

Mama Nasra (Shangani): Jamani wanaukoo, habari za jioni. Nasra kanibana tangu mchana, eti mbingu ni bluu kwa nini. Nimemwambia Mungu ndiye kaipaka. Kaniuliza, "Sasa jioni mbona anabadilisha?" Nisaidieni, mie napika.

Kaka Issa (Mikindani): Hilo nalo swali? Bahari hiyo. Mbingu kioo, inaonyesha maji yaliyo chini. Mie nimezeekea majini, najua ninachosema.

Mama Nasra: Haya, nimemwambia. Tumemaliza.

Hamisi Newala: Kaka shikamoo. Huku kwetu bahari iko wapi? Tuko juu mlimani na mbingu yetu bluu kuwashinda nyie.

Kaka Issa: Marahaba. Inaanzia huku inasambaa hadi huko.

Hamisi Newala: 😂😂 Isambae hadi Tabora?

Zuhura (chuo): Shikamooni wote. Mjomba Issa, siku ya wingu zito bahari inakuwa rangi gani?

Kaka Issa: Marahaba mwanangu. Kijivu, kama bati.

Zuhura: Basi hapo anayemfuata mwenzake ni nani? Maji yana ubluu wao kidogo, maana yakiwa mengi yanameza wekundu wa mwanga. Lakini mbingu haikopi kwa bahari.

Kaka Issa: Sawa. Inakopa kwa nani?

Zuhura: Kwa jua. Mwanga wake tunauona mweupe lakini umebeba rangi zote, zile zinazojitenga kwenye upinde wa mvua. Kila rangi ni wimbi, nyekundu wimbi refu, bluu wimbi fupi. Sasa hewa, ambayo ni naitrojeni 78% na oksijeni 21%, ni molekuli ndogo mno kuliko hayo mawimbi. Mwanga ukizipitia unatawanywa, na wimbi fupi ndilo linalotawanywa zaidi. Mwingereza Lord Rayleigh aliipigia hesabu mwaka 1871: wimbi likiwa fupi kwa nusu, linatawanywa mara 16. Bluu ikilinganishwa na nyekundu ni kama mara 6 hivi.

Mama Nasra: Zuhura mwanangu, mie nimeishia kwenye naitrojeni.

Kaka Issa: Ngoja kwanza. Ni kama nguzo za gati hiyo. Wimbi kubwa likitoka nje huko linapita kwenye nguzo kama vile nguzo haipo. Lakini viwimbi vya upepo, hivi vidogovidogo, vikigonga nguzo vinarudi, vinakwenda kila upande. Nyekundu ndiyo wimbi kubwa, bluu ndiyo viwimbi. Au nimekosea?

Zuhura: MJOMBA! Darasani hatujawahi kuelezwa hivyo. Ndiyo yenyewe. Bluu inarushwa huku na huku angani, kwa hiyo popote utakapoinua macho inakujia.

Kaka Issa: Mlidhani nauza samaki tu.

Hamisi Newala: Sasa nimepata na jibu langu. Nikisimama ukingoni nikaangalia bonde la Ruvuma, milima ya ng'ambo kule Msumbiji naiona bluu. Nimeshafika kule, ni miti na mawe tu.

Zuhura: Ile bluu ni ya hewa iliyo kati yako na mlima, mjomba. Unaitazama mbingu kwa ubavuni.

Mama Nasra: Mama anasema niandike maneno yake. "Moshi wa makumbi ukiutazama na giza la mwembe nyuma yake, ni bluu. Ukiutazama jua likiwa nyuma yake, ni kama kahawia. Nimepulizia moto maisha yangu yote, nimeuona. Ila mimi hakuna anayeniuliza."

Zuhura: Bibi shikamoo! Jambo ni lilelile, chembe za moshi mwembamba ni ndogo sana. Moshi ukiwa mzito, chembe zikakua, unakuwa mweupe. Na mawingu ndivyo yalivyo, matone yake ni makubwa, yanatawanya rangi zote sawasawa.

Mama Nasra: mimi nasra nimechukua simu ya mama. kwenye upinde wa mvua zambarau iko baada ya bluu kwa hiyo ni fupi zaidi. mbona mbingu sio zambarau

Hamisi Newala: Huyu mtoto mtamlipia ada mpaka mchoke.

Zuhura: Nasra, umenikamata. Zambarau inatawanywa kweli kuliko bluu, ila jua linaitoa kwa uchache, nyingine inamezwa huko juu, na macho yetu ni mazito kuiona.

Kaka Issa: Na alfajiri? Jua likichomoza baharini ni jekundu kama kaa la moto.

Zuhura: Hapo mwanga unakuja kwa ulalo, mjomba. Unapita kwenye hewa zaidi ya mara 30 kuliko jua la utosini. Mpaka ukufikie, bluu imeshatawanyika njiani.

Kaka Issa: Yaani viwimbi vimewaishia walio mbele yetu, mashariki kule, wakati kwao kumeshakucha.

Zuhura: 👏👏 Nasra, jaza maji chupa ya plastiki, tia matone machache ya maziwa, ilaze, umulike tochi kwenye kitako. Upande wa tochi utaona ubluu, huku mdomoni itakuwa njano kama jioni. Zima taa.

Mama Nasra: Taa zimejizima zenyewe, umeme umekatika. Haya, tochi hii hapa.

Mama Nasra: Jamani! Imekuwa kweli! Mama kasema Mashallah mara tatu.

Kaka Issa: Tuma picha.

Mama Nasra: Simu ndiyo tochi yenyewe, kaka.

Baba Nasra: Nimefika nyumbani. Matone machache ndiyo yamemaliza pakiti nzima? Chai nanywaje?

Mama Nasra: Mume wangu, leo chai ya rangi.