Sauti ya simu inachelewa, na harusi haitoshei kwenye DVD

Mpigapicha wa Ngamiani:

Habari za leo, wakuu. Ninahariri harusi iliyofanyika hapa Tanga. Sehemu kubwa ilipigwa kwa kamera ya video ya AVCHD, 1080i (kila fremu hugawanywa nusu mbili za mistari) ya fremu 25 kwa sekunde, lakini nasaha za mzee wa upande wa bibi harusi zilirekodiwa kwa simu peke yake kwa kuwa betri za kamera zilikuwa zimekwisha. Kipande hicho kina dakika 40 hivi. Nikikifungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, sauti na midomo vinakwenda pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nikikiingiza kwenye programu ya kuhariri, kinaanza vizuri, lakini kadiri mzee anavyoendelea kusema ndivyo sauti inavyobaki nyuma, hata wakati wa dua anaonekana amekwisha kufumba mdomo ilhali bado anasikika.

Jambo la pili ni diski. Kazi nzima ina dakika 130, na familia inataka DVD kwa sababu wazazi wanatumia deki. Programu ya kutengenezea DVD inakataa kuchoma, ikidai kazi ni kubwa kuliko diski, ingawa faili la MP4 nililolitoa lina GB 3 tu. Picha nimeiweka megabiti 8 kwa sekunde na sauti ni PCM, yaani isiyobanwa. Nipunguze nini?

Kibanda cha Video:

Tenganisha sauti na picha, kisha kikate kipande kila baada ya dakika tano na usogeze sauti kwa mkono mpaka ilingane na midomo. Hapa kwetu ndivyo tunavyofanya, na wateja hawalalamiki.

Fundi wa Kanda:

Naomba kutofautiana na ndugu yangu hapo juu. Kusogeza sauti kunafaa pale ambapo pengo ni lile lile mwanzo na mwisho. Hapa pengo linakua, tena halikui kwa mwendo mmoja, kwa hiyo kila kipande utakachokirekebisha kitakuwa sawa katikati na kombo kwenye ncha zake.

Fungua faili la simu kwa programu ya MediaInfo uangalie aina ya kasi ya fremu. Kwa dalili ulizoeleza, ninatarajia utakuta imeandikwa kuwa inabadilika. Simu nyingi hurekodi hivyo: mwanga ukififia ukumbini, simu huacha kila fremu ikae muda mrefu zaidi ili picha isiwe giza, na fremu za sekunde hiyo zinapungua. VLC hufuata muda ulioandikwa kwenye kila fremu, ndiyo maana huoni kosa. Programu kadhaa za kuhariri hudhani kwamba fremu zote zina urefu sawa, zikazipanga kwa fremu 30 kamili kila sekunde. Picha inawahi kwisha, sauti inabaki nyuma.

Tiba ni kuligeuza faili kabla ya kuliingiza. Kwa HandBrake, chagua fremu 25 kwa sekunde kama za kamera yako, na kasi isiyobadilika. Kwa FFmpeg, amri hii inatosha:

`ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=25 -c:v libx264 -crf 16 -c:a pcm_s16le -ar 48000 simu25.mov`

Kutoka 30 kwenda 25, karibu fremu moja katika kila sita inatupwa. Mzee aliyeketi akitoa nasaha hutaona tofauti, ila simu ikigeuzwa kuonyesha ukumbi utaona picha inadunda kidogo. Siku nyingine iweke simu kwenye 25 tangu mwanzo, na shata (muda wa kuingiza mwanga) ya sekunde 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa Hz 50 na taa za ukumbini hupepesa vibaya kwenye 1/60.

Mzee wa Deki:

Kuhusu diski, ukubwa wa MP4 usikuhadae. DVD ya video hutumia MPEG-2, kodeki (njia ya kubana video) ya zamani inayohitaji biti nyingi zaidi kwa picha ile ile, kwa hiyo programu inalibana upya lile faili lako la GB 3 kwa kipimo ulichokiweka. Megabiti 8 kwa sekunde 7,800 (dakika zako 130) ni GB 7.8, na diski ya kawaida ina GB 4.7. PCM nayo inakula megabiti 1.5 kwa sekunde bila faida ya kusikika kwenye spika za televisheni.

Piga hesabu kuanzia kwenye diski: GB 4.7 mara 8 ni biti bilioni 37.6, ukigawanya kwa 7,800 unapata megabiti 4.8 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Weka sauti AC-3, yaani iliyobanwa, ya kilobiti 192, picha wastani wa megabiti 4.4, na nafasi inayobaki iachie menyu. Chagua kubana kwa mizunguko miwili (wa kwanza kupima, wa pili kubana), ili biti zilizookolewa kwenye nasaha zitumike kwenye ngoma. Diski za GB 8.5 zipo, lakini deki nyingi za zamani huzikataa; ni heri ugawe kazi katika diski mbili.

Mpigapicha wa Ngamiani:

Ahsanteni sana. MediaInfo imethibitisha kasi inabadilika, na baada ya kuligeuza faili mzee anasema na midomo yake hadi amina. Nimechoma diski ya majaribio, nayo imetosha. Yamebaki mawili: wachezaji wakizungusha mikono picha inatetemeka mbele na nyuma, na kwenye deki watu wote wamekuwa wembamba.

Fundi wa Kanda:

Mtetemo huo ni mpangilio wa nusu za fremu uliopinduka. Kamera yako ya AVCHD hutanguliza nusu ya juu, ilhali programu nyingine za DVD bado zina mazoea ya kanda za DV zilizotanguliza nusu ya chini. Badilisha iwe ya juu kwanza, utoe upya.

Mzee wa Deki:

Kwa wembamba, ifungue diski hiyo hiyo kwa VLC kwenye kompyuta. Wakiwa wembamba na huko pia, programu haikuandika alama ya 16:9 kwenye picha ya 720 kwa 576, na itabidi uiweke ndipo uchome tena. Wakiwa sawa, basi diski haina kosa: ingia kwenye mpangilio wa deki, sehemu ya umbo la televisheni, uchague 4:3 yenye ukanda mweusi juu na chini.