Mtoto asiyeshika masomo: apimwe na kupangwa katika kundi?

Mzazi, Kadutu (mleta mada)
Nauliza walimu na wazazi wa Bukavu, hapa Congo. Katika mkutano wa wazazi shuleni kwetu limetolewa wazo kwamba kila mtoto anayedubla (anayerudia darasa) mara ya pili apimwe, kisha kundi lake liandikwe kwenye faili: kiziwi, ulemavu wa akili, matata ya tabia. Wengi walipiga makofi. Mimi sipingi kupima, napinga hiyo faili. Mtoto akishaandikwa "hana akili", nani atakuja kumfutia? Direkta atabadilishwa, mwalimu atahamishwa, faili itabaki.

Alfred Binet na Théodore Simon walipotunga kipimo chao cha akili Ufaransa mwaka 1905, walitaka kutambua watoto wanaohitaji kufundishwa kwa namna nyingine. Binet mwenyewe alikataa kwamba akili ya mtu haiwezi kuongezeka. Waliokuja nyuma yake ndio waliogeuza alama kuwa hukumu.

Mwalimu wa mwaka wa tatu, Bagira
Papa, nakuheshimu, lakini wewe huingii darasani kwangu. Tangu elimu ya msingi iwe bure mwaka 2019, wanafunzi wamejaa. Bila karatasi inayosema huyu haoni ubao, yule hasikii, nitajuaje? Nitamwita mvivu. Ndivyo tunavyofanya, tusidanganyane. Sheria ya 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Utaidai vipi haki ya mtoto ambaye hajaandikwa popote?

Muuguzi, Ibanda
Basi anzeni na macho na masikio. Mtoto anayetokwa usaha masikioni kila mara, au aliyewahi kupandwa na malaria kichwani, anaweza kubaki na shida ya kusikia au ya kushika mambo. Huyo apelekwe hospitali kwanza. Halafu huo mtihani wa akili utafanywa kwa lugha gani? Mtoto aliyetoka Walungu, nyumbani ni Mashi tupu, ukimuuliza kwa Kifaransa utakuwa umepima Kifaransa chake basi.

Mwanafunzi wa ualimu
Uingereza walishapita huku. Kanuni za 1945 ziliweka makundi 11 ya watoto wenye ulemavu. Mwaka 1978 kamati ya Mary Warnock ikapendekeza yaachwe, na sheria ya 1981 ikayaondoa: kinachotazamwa kikawa mahitaji ya mtoto katika kujifunza. Matata hayakuisha. Mpaka leo wazazi wa kule wanapigania mpango wa maandishi wa mtoto wao, ambao kisheria unapaswa kukamilika ndani ya wiki 20, na mara nyingi unachelewa. Ila ukishatoka, serikali ya mtaa inalazimika kutoa msaada wa masomo ulioandikwa humo. Hiyo faili yetu itamlazimisha nani?

Mzazi, Kadutu
Swali langu ni hilohilo. Mwalimu, karatasi ikubaliwe, lakini isiwe na kundi. Iandikwe: akae mbele, aandikiwe herufi kubwa, apewe muda zaidi kwenye mtihani, aulizwe kwa Kiswahili kwanza. Irudiwe kila mwaka, mzazi apate nakala, ya zamani ichanwe.

Mwalimu wa mwaka wa tatu, Bagira
Hiyo ya kuchana naikubali, Papa. Sasa nani ataijaza? Mimi? Saa ngapi, na kwa prime gani, malipo gani ya nyongeza?