Mjadala: Maji yenye PFAS kando ya kambi za Marekani Okinawa. Jeshi liachiwe lijichunguze lenyewe?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naleta jambo ambalo kwenye taarifa ya habari hupita kwa sekunde chache, halafu wanahamia kwenye mpira.

Okinawa ni mkoa wa visiwa, kusini kabisa mwa Japani. Una takriban asilimia 0.6 tu ya ardhi ya nchi ile, lakini umebeba karibu asilimia 70 ya eneo lote linalotumiwa na majeshi ya Marekani peke yao. Kwenye kisiwa kikuu kuna kambi mbili kubwa za ndege: Kadena, ya jeshi la anga, na Futenma, ya kikosi cha Marine. Futenma iko katikati ya mji wa Ginowan, nyumba za raia zimebanana hadi kwenye uzio.

Mapema mwaka 2016 mamlaka ya maji ya mkoa ilitangaza kwamba mito na visima karibu na Kadena vina PFOS. Hii ni moja ya kemikali za kundi la PFAS, yaani kemikali za viwandani zisizooza kirahisi, na imo ndani ya povu la zamani la kuzimia moto wa mafuta ya ndege. Maji yale yalikuwa yanaingia kwenye mtambo wa kusafisha maji wa Chatan, unaohudumia watu wapatao 450,000, wakiwemo wa mji mkuu, Naha. Mkoa ukaomba kuingia Kadena kuchukua sampuli. Ukakataliwa. Maombi yakarudiwa miaka iliyofuata, majibu yakawa yaleyale: haijathibitishwa kwamba chanzo ni kambi.

Sasa tazameni mtego ulivyofungwa. Ili uingie, thibitisha kwanza. Ushahidi wenyewe uko ndani. Upo mkataba wa mazingira kati ya Marekani na Japani, uliotiwa saini Septemba 2015, unaotoa nafasi ya kuingia kambini, lakini unahusu umwagikaji uliotokea sasa hivi na ambao Marekani yenyewe imeutolea taarifa. Uchafu ulioanza kuzama ardhini miaka 40 iliyopita hauna mlango hapo.

Msimamo wangu: mshukiwa asiwe ndiye anayeshika ufunguo wa eneo la uchunguzi. Karibuni tujadili, matusi hapana.

Chuma Chakavu

Mkuu, umeileta vizuri ila umeegemea upande mmoja. Nitaje jeshi moja duniani linaloruhusu raia kuingia na mtambo wa kuchimba kando ya barabara ya kurukia ndege. Chini pale kuna mabomba ya mafuta na nyaya za mawasiliano. Ukikaribisha wachimbaji umekaribisha na macho.

Pili, povu hili si mali ya Wamarekani pekee. Limetumika kwenye viwanja vya ndege vya kiraia, vituo vya zimamoto, hata Japani yenyewe lipo kwenye mifumo ya kuzimia moto ya maegesho ya magari ya ghorofani. Ukikuta kemikali mtoni, huwezi kumkamata jirani kwa sababu tu humpendi. Jeshi linaposema "haijathibitishwa" linaweza kuwa linasema kweli.

Mama Amani

Samahani, mimi si mtaalamu. Hiyo kemikali ukichemsha maji haifi?

Fundi Visima

Mama Amani, haifi kwa sababu si kijidudu. Ni muungano wa kaboni na florini, na jiko lako haliuwezi. Ukichemsha, maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo unaizidisha ukali. Kinachosaidia ni kichujio cha mkaa maalumu au kile cha utando, na mkaa nao hujaa, lazima ubadilishwe. Chatan wanaendesha mtambo kwa mkaa huo, na gharama iko upande wa Japani.

Vipimo tuvielewe pia. Mwaka 2020 Japani iliweka lengo la muda la nanogramu 50 kwa lita kwa PFOS na PFOA, nduguye wa kundi lilelile la PFAS, kwa pamoja, na baadaye ikaamua kiwango hicho kiwe cha kisheria kuanzia Aprili 2026. Nanogramu 50 kwa lita ni gramu moja ndani ya lita milioni 20, yaani maboza 2,000 ya lita 10,000. Gramu moja tu! Ndiyo maana mazoezi ya kuzima moto ya miaka mingi yanatosha kuharibu maji ya mji mzima: unamwaga mafuta shimoni, unawasha, unazima kwa povu, kilichobaki kinaingia chini.

Chuma Chakavu, hoja ya chanzo una haki kuiuliza, lakini ina njia ya kujibiwa. Futenma iko juu ya uwanda wa miamba ya chokaa ya matumbawe. Watu wa Unguja na Mombasa wanaijua miamba ya aina hiyo: mvua haikai juu, inapenya kwenye nyufa haraka na kuibukia kwenye chemchemi upande wa chini. Pale Ginowan maji huibuka magharibi mwa kambi, na huko Oyama ndiko wanakolima magimbi ya majini kwa kutegemea chemchemi hizo. Mkoa ulipopima, maji ya upande wa juu, kabla hayajapita chini ya kambi, yalikutwa na kiasi kidogo, na upande wa chini yakapita lile lengo la 50. Katikati ya vipimo hivyo viwili kuna kitu kimoja tu: kambi.

Chuma Chakavu

Sawa, basi umeshapata jibu bila kuvuka uzio. Ya nini tena kung'ang'ania kuingia?

Fundi Visima

Kwa sababu nimejua nyumba, sijajua chumba. Ni lile shimo la mazoezi? Hanga fulani? Tangi linalovuja mpaka leo? Ukijua mahali, unaweza kuondoa udongo uliojaa, au kuchimba visima vya kuyanasa maji kabla hayajafika chemchemi. Usipojua, utabaki kununua mkaa wa mtamboni mwaka hadi mwaka, na kwenye chemchemi za magimbi hakuna mtambo wowote.

Mleta mada

Niongeze na kisa cha Aprili 2020, maana ndipo unaona "kujichunguza" kunavyofanana. Askari wa Futenma waliwasha jiko la kuchoma nyama karibu na hanga. Joto likauamsha mfumo wa kuzima moto, povu likaanza kufoka. Uchunguzi wa Marekani wenyewe ndio uliolieleza hilo la nyama choma baadaye. Lita zaidi ya 227,000 zilitoka, na takriban 143,800 zikavuka uzio. Mapovu meupe yakaelea mtaani na mtoni, na wazimamoto wa mji ndio walioyazoa.

Mwaka uliofuata, Agosti 2021, kambi ikamwaga kwenye mfereji wa majitaka wa umma lita 64,000 za maji yaliyokuwa na kemikali hizi. Wakati huo mazungumzo na Japani kuhusu namna ya kuyatupa yalikuwa bado yanaendelea. Walisema wameyachuja hadi yako chini ya lengo. Mji wa Ginowan ukaenda kuchota sampuli kwenye mfereji ukapata nanogramu 670 kwa lita, zaidi ya mara 13 ya lengo.

Sisemi kwamba walidanganya. Inawezekana mfereji ulikuwa na uchafu wa zamani. Lakini bila ile sampuli ya mji, tungekuwa na namba moja tu mkononi, ya mwenye kambi.

Mkenya Mwenzenu

Hii mbona tunaijua. Moto wa Lolldaiga, hapa Kenya, Machi 2021, wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza. Wananchi walienda mahakamani. Kambi ya mgeni ni kambi ya mgeni.

Mleta mada

Ndugu yangu, mfano mzuri, ila pale moshi ulionekana na kila mtu. Huku hakuna moshi wala harufu. Mtu hunywa miaka 20 bila kujua, na bila maabara huna kesi.

Mbongo Göteborg

Naomba niwapinge kidogo wote wawili kuhusu ugeni. Huku Uswidi jeshi ni letu wenyewe, hakuna mkataba wa kigeni, na bado yalitokea. Mji wa Ronneby una kambi ya ndege ya kikosi cha F 17, eneo la Kallinge. Povu lilizama, likafika kwenye kisima cha mtambo wa Brantafors. Desemba 2013 walipopima, maji yaliyokuwa yanatoka kwenda majumbani yalikuwa na zaidi ya nanogramu 10,000 kwa lita za kemikali hizi kwa jumla. Mtambo ulifungwa mara moja. Karibu theluthi moja ya kaya za mji zilikuwa zinapata maji yale.

Watu wakapimwa damu. Kiwango cha kati cha PFOS kilikuwa kama mara 40 ya watu wa mji wa jirani, Karlshamn. Na haitoki haraka: PFOS huchukua zaidi ya miaka mitatu kupungua nusu mwilini.

Sasa kinachonikera. Wananchi walipoenda mahakamani, aliyesimama kizimbani hakuwa jeshi. Ilikuwa kampuni ya maji ya manispaa, kwa sababu ndiyo iliyowauzia maji. Walishinda ngazi ya kwanza 2021, wakashindwa kwenye rufaa 2022, halafu tarehe 5 Desemba 2023 Mahakama ya Juu ikasema kwamba kuwa na kiwango kikubwa vile kwenye damu ni madhara kwa mwili tayari, hata kama mtu hajaugua. Hukumu kubwa. Lakini kampuni ya maji inamilikiwa na manispaa, na manispaa ni hao hao wananchi! Kwa hiyo suala la nani aingie kambini ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni nani anatajwa kwenye hati ya mashtaka.

Chuma Chakavu

Hapo nimejifunza kitu kuhusu damu, nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba kukutwa nayo si ugonjwa.

Ila bado nina swali. Nyie mnataka nani achunguze? Mkoa wa Okinawa una ugomvi wa kisiasa na kambi hizi kwa miaka mingi. Nao si refa.

Kaka Michigan

Huku Marekani kwenyewe sheria ya kusafisha maeneo yenye sumu inaifanya wizara ya ulinzi kuwa kiongozi wa uchunguzi kwenye kambi zake. Yaani mchafuzi ndiye anayepanga ratiba. Nendeni Oscoda, kaskazini mwa jimbo hili: kambi ya Wurtsmith ilifungwa 1993, PFAS ikagunduliwa pale 2010, na mwaka 2018 jimbo likaonya watu wasile kulungu waliowindwa eneo lile. Kulungu, jamani! Wakazi bado wanalalamikia kasi ya usafishaji.

Tofauti ni moja: kule jimbo limeingia na kupima lenyewe. Waligundua ni watu wa jimbo. Kwa hiyo jeshi lenyewe limezoea kupimwa na wengine likiwa nyumbani, halafu likiwa Okinawa linasema haiwezekani.

Mleta mada

Kaka, umenisaidia kuliweka sawa dai langu, kwa sababu Chuma Chakavu ana pointi kuhusu refa. Sitaki mkoa uchunguze peke yake kama nisivyotaka jeshi lichunguze peke yake. Jeshi lichimbe, mitambo iwe yao, askari wasimame pale na bunduki zao, hata picha zipigwe marufuku. Lakini kila sampuli ijazwe chupa mbili kutoka shimo lilelile, saa ileile. Moja iende maabara yao, ya pili iende maabara ya mkoa, na namba zote zibandikwe hadharani. Chupa ya maji haina siri ya ndege ndani yake.

Na tusisahau kwamba shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka PFOA kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwishoni mwa 2023, na PFOS kundi la vinavyoweza kusababisha. Kuna watu Okinawa wameamua kupimana damu kwa juhudi za vikundi vya wakazi. Raia asingefika huko kama angeamini namba anazopewa.

Chuma Chakavu

Chupa mbili nakubali. Ila mnamgombeza mtu asiyehusika. Askari wa Futenma hakuandika ule mkataba wa 2015. Serikali ya Tokyo ndiyo ilikaa mezani ikakubali neno "umwagikaji wa sasa", ikijua kabisa Okinawa ina uchafu wa zamani. Na Tokyo ndiyo baadaye iliyobeba kazi ya kuteketeza maji yaliyobaki Futenma, kwa pesa ya walipa kodi wake. Mwenye nyumba akishakubali kulipia takataka za mpangaji, mpangaji afungue mlango kwa sababu gani?

Fundi Visima

Hapo umegonga. Basi swali libadilike: Tokyo iombe nini kwanza? Mimi naanza na kitu kidogo kuliko kuingia, yaani ramani ya mahali yalipokuwa mashimo ya mazoezi tangu miaka ya 1970, na kumbukumbu za povu lililomwagika. Karatasi hizo, kama zimetunzwa, haziathiri ulinzi wa leo hata chembe. Ukipata ramani, mtu wa nje ya uzio anaweza kupanga visima vyake vizuri bila kukanyaga kambini.

Mbongo Göteborg

Na wakikataa hata ramani?

Fundi Visima

Wakikataa, watoe sababu kwa maandishi. Hiyo barua nitaipeleka mahakamani kabla ya sampuli yoyote.