Moshi wa kilo moja ya chai: tuupime au tunasumbuliwa?

Mwana_Shimanzi: Mteja wetu wa Uingereza ametuma fomu. Ataka tumwandikie kila kilo ya chai imetoa hewa ya ukaa kiasi gani: mbolea ya shambani, kuni za kukaushia, lori, hadi meli. Bosi asema ni kupoteza wakati. Mimi naona tukipima tutajua kuni zinaishia wapi. Mwaonaje?

Kuli_Mstaafu: Ushuru huo kwa jina jingine. Ulaya washaanza Januari 2026, kila kinachoingia kinatozwa kwa moshi wake.

BintiMvita: Si kila kitu. Ni saruji, chuma, aluminiamu, mbolea, umeme na haidrojeni. Chai haimo. Na Uingereza ilishatoka Umoja wa Ulaya. Soma kwanza ndipo upige mayowe.

Kuli_Mstaafu: Mayowe? Nimeshusha mizigo Kilindini wewe hujazaliwa!

BintiMvita: Shikamoo ami. Chai bado haimo.

Hesabu_Tupu: Faida ipo, tena ya pesa taslimu. Walkers, wale wa krispi Uingereza, walipopima walikuta wakulima wanalipwa kwa uzito, basi viazi wanaviweka kwenye unyevu visikauke. Kiwanda kikawa kinachoma gesi kuyakausha maji kiliyoyanunua kwa bei ya viazi 😂

Mama_Karai: Hayo si ya Uingereza, ni ya soko letu la Kongowea! Viazi vimeroa, ukivitia karaini mafuta yakurukia usoni.

Muuza_Gunia: Mama, hakuna anayemwagia viazi maji. Lori limenyeshewa njiani, nilaumiwe mimi?

Mama_Karai: Na lumbesi, gunia la kujazwa kupita kiasi? Sheria yasema gunia kilo 50. Kwa mkulima mwachukua gunia lenye kilemba, kwetu mwauza kwa kilo. Huko mizani mwaijua.

Kuli_Mstaafu: Mwambie huyo! Lumbesi imetuvunja migongo.

Mwana_Shimanzi: Jamani, chai. Fomu yatakiwa Ijumaa.

Hesabu_Tupu: Jaza, lakini anzeni na kuni na umeme, bili mnazo. Msijitie kupima kila kitu. Tesco, wale wa maduka makubwa Uingereza, walibandika lebo za kaboni kwenye bidhaa, 2012 wakaziacha, kazi iliwashinda. Na sehemu kubwa ya moshi wa chai hutoka kwenye birika la mnywaji.

BintiMvita: Basi mteja naye ajaze fomu ya birika lake.

Mama_Karai: Muuza_Gunia mbona kimya? Nimeuliza habari ya lumbesi.